Jiwe Ambalo Sikuoneshwa

Igoma, Mwanza
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Salumu,

Shikamoo kaka. Assalaam alaykum wewe na wote waliomo humo nyumbani. Mimi mdogo wako Tatu nipo, napumua, nakula, na leo nimefua nguo zangu mwenyewe. Kwa hiyo aliyekuja kukuambia kwamba hali yangu ni ya kubebwa, mwambie akatafute kazi ya kufanya. Wasiwasi wangu uko kwenu. Redio imesema mvua imenyesha milimani mpaka barabara ya kupanda kwetu Kinole imekatika, lakini redio nayo siiamini, ndiyo maana nakuuliza wewe. Migomba yangu ya kule mtoni imesimama? Pilipili manga nani anachuma, na akishachuma anaipeleka wapi? Wifi aliniambia jogoo wangu mwekundu kafa kwa kideri. Sawa, kuku wanakufa. Ila ni kideri gani hicho kinachochagua jogoo mmoja mnono kikaiacha mitetea yote, tena siku ileile mgeni wenu wa Matombo alipofika? Nikirudi nitataka kuoneshwa manyoya.

Huyohuyo wifi alinichekesha siku nyingine. Anasema mumewe siku hizi amekuwa bibi harusi, unafua vikoi vyako mwenyewe mtoni na hutaki mtu aviguse. Nilicheka naye mpaka mshono ukaniuma. Baadaye nikaacha kucheka, na sababu utaisoma huko mbele.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Simu yako kaka ina masikio mengi. Husikii vizuri, unaweka spika, na ukiweka spika duka zima linanisikiliza. Mara ya mwisho nilikuwa nakueleza habari za haja ndogo, nikasikia mtu anacheka huko nyuma na mwingine anauliza bei ya sukari. Kwenye kuku wengi hapamwagwi mtama. Haya ni yako peke yako. Nimeyaandika kwa mkono wangu, na Neema, mke wa Shabani, aliponiuliza kama anisaidie nilimwambia elimu ya watu wazima haikunipita bure. Barua inakuja na basi mpaka Msamvu, wakala atakupigia. Nenda kaichukue mwenyewe, usimtume mtu. Vaa miwani, kaa mahali pa peke yako, usome mpaka mwisho.

Huku Mwanza wanakula sato mpaka nimewachoka. Natamani ndizi za nazi za kwetu, zile zinazopikwa na mtu anayejua kukuna nazi, siyo ya pakiti. Mji wenyewe ni wa mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba, mengine yamepandana kama mtu alikuwa anayapanga akaitwa kula akasahau kurudi, na watu wamejenga juu yake na wanalala bila wasiwasi. Mimi siwezi kulala chini ya jiwe ambalo sijui limeshikwa na nini. Na shida yangu nayo ilikuwa ni jiwe, au ndivyo nilivyoambiwa.

Nikueleze ilivyoanza. Mkojo ulikuja mwekundu kama juisi ya choya, nimechuchumaa chooni nyuma ya jiko, nikawa najiuliza jana nimekula nini. Haikuuma hata kidogo. Kesho yake ukawa safi, nikasema basi. Baadaye damu ikarudi. Zahanati wakanipa dawa za kichocho, maana kwetu mtu akikojoa damu wa kwanza kushukiwa ni konokono wa mtoni. Nikameza, damu ikakatika, nikawasifu. Kumbe ilikuwa inakatika yenyewe kwa wakati wake. Iliporudi wakasema ni UTI, nikameza tena. Mwaka mzima mimi nameza tu, na kila ikikatika nashukuru, na kila ikirudi namficha wifi. Mpaka Shabani aliposikia kwa watu akasema mama njoo Mwanza, mimi mwanao nina bima ya kazini, utaangaliwa.

Siku uliponisindikiza Msamvu hukuwa mwenyewe. Nilidhani ni huzuni ya kuagana. Tulikaa kwenye lile benchi la saruji, mizigo yangu miguuni, ukaniinamia sikioni kama mtu anayeuliza habari za mirathi.

"Tatu, inakuja halafu inakatika, siyo?"

"Ndiyo."

"Na wala haiumi. Unaikuta tu."

"Haiumi," nikakujibu.

Ukatikisa kichwa, ukaniwekea mapajani ule mfuko wa mizizi uliyoitwanga mwenyewe. Ukasema ninywe asubuhi na jioni, inasafisha figo. "Hata mimi nainywa," ukasema, "inatuliza." Nilitaka kukuuliza inatuliza nini, lakini wakaanza kuwaita abiria wa Mwanza, ukanisukuma nipande kabla siti haijachukuliwa. Njia nzima, Dodoma mpaka Shinyanga, nilikuwa na lile neno mdomoni.

Basi, hospitali wakanipima, nikaambiwa ni jiwe la figo, wakanilaza, wakanipasua. Nilipozinduka nina mshono unaoanzia ubavuni unashuka mpaka chini ya kitovu. Shabani amesimama miguuni pa kitanda, uso wake umevimba.

"Mama, ni lile jiwe," akasema. "Lilikuwa kubwa, limeharibu figo ya kushoto, wakaitoa yote na mrija wake mpaka kwenye kibofu."

"Liko wapi?"

"Nini?"

"Hilo jiwe."

"Wametupa, mama."

Mwanangu hajui kuongopa. Tangu mdogo akiongopa hushika sikio, na pale alikuwa ameshika sikio.

Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa Sengerema, Mama Pendo. Yeye kweli alitolewa jiwe. Wamempa kwenye kichupa kidogo, anakitikisa asubuhi mpaka jioni, kila mgeni akija anaoneshwa. Jiwe lenyewe kama punje ya mahindi. Sasa kaka, kama jiwe la punje ya mahindi linawekwa kwenye chupa na kukabidhiwa mwenyewe kwa heshima, langu mimi lililokula figo nzima linatupwaje? Nilimuuliza nesi, akaniambia nimuulize mwanangu. Nilimuuliza mwanangu, akaniambia nipumzike. Mama Pendo akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, siku hizi figo ni mali. Huko mijini watu wanauza."

Neno likaingia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Na kweli likaja. Siku nilipotoka hospitali na kufika hapa nyumbani kwa Shabani, kitu cha kwanza kukiona sebuleni ni cherehani mpya. Ya umeme, nyeupe, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipoondoka kwenda kulazwa haikuwepo.

"Hongera mkwe wangu," nikamwambia Neema. "Umeipata wapi?"

"Mchezo umenifikia mama, zamu yangu ilikuwa wiki iliyopita."

Mchezo! Zamu ya kupokea pesa imesubiri nipo kisuni ndiyo ifike. Nilikaa kwenye kochi nikaitazama ile cherehani. Neema alipoanza kushona sare za wanafunzi, tra-ta-ta-ta, kila mlio naushika ubavu wangu. Nilisema moyoni, inashona vizuri, kwa nini isishone vizuri, ni figo ya mtu. Haki ya Mungu kaka, nilikula chakula cha yule mwanamke huku namhesabia kuwa amekinunua kwa mwili wangu.

Halafu wakawa wananyamaza nikiingia. Wanaongea jikoni, nikikohoa kimya. Shabani akipigiwa simu anatoka nje, anakwenda kusimama juu ya jiwe lile la nyuma ya choo. Siku moja nilifungua dirisha kidogo nikasikia anasema, "Ndiyo mjomba, bado hajui." Nikajua wewe nawe umepewa uongo wako, kwamba ninaendelea vizuri, na la kuuzwa figo umefichwa. Nilikuonea huruma! Nikasema maskini kaka yangu, wamemweka gizani kule mlimani. Soma hapo mara mbili, Salumu.

Ikafika siku ya kurudi hospitali. Shabani anasema daktari anataka kuingiza kamera kwenye kibofu.

"Jiwe lilikuwa kwenye figo," nikamwambia. "Figo imeondoka. Kibofu kimekosa nini?"

"Ni utaratibu tu mama."

Mimi na utaratibu! Nikajua wameonja ya kwanza, wanaitaka ya pili. Siku yenyewe nikasema nina homa. Wakapanga siku nyingine. Hiyo nikaamka mapema, nikavaa baibui, nikatoka, nikaona maturubai ya msiba mtaa wa tatu, nikaingia nikakaa na wanawake kwenye mkeka. Marehemu simjui jina wala kabila. Nililia vizuri kuliko wafiwa, mpaka wakaniuliza mimi ni wa upande gani, nikawaambia upande wa mama. Nilirudi jioni nimeshiba pilau, nimemkuta Shabani kakaa mlangoni.

Hakunigombeza. Alipiga magoti kaka, mwanaume mzima, msimamizi wa watu kiwandani. "Mama nakuomba, twende. Nakuomba kwa maziwa yako." Machozi yanamtoka. Na Neema kule ndani akapiga kelele, "Mwambie! Shabani mwambie mama ukweli, mimi siwezi tena kumtazama usoni!" Naye akamjibu, "Nyamaza Neema, nyamaza."

Hapo ndipo nilipoanza kushuku shuku yangu mwenyewe. Mke wa mwizi hamlilii mumewe aseme ukweli. Na mtu akishauza figo ya mama yake hapigi magoti, ananunua kuku anamchinjia mama, anatabasamu. Nikaona hapa pana kitu kingine, na hawa wawili hawatanipa. Nikaamua kukifuata kiliko.

Siku moja ya kliniki, kabla ya ile niliyopangiwa tena, niliwaambia nakwenda kumsalimia Mama Pendo, nikapanda gari mwenyewe mpaka hospitali. Daktari wa siku hiyo alikuwa binti, umri wa mwanao Mwajuma, kajifunga kilemba kizuri. Akafungua faili langu, akatazama mlangoni.

"Mama umekuja na nani?"

"Nimekuja na miguu yangu. Nataka kujua figo yangu iko wapi."

Akashtuka. Nikamweleza yote: jiwe, chupa ya Mama Pendo, cherehani. Alitaka kucheka kwenye cherehani, nikamwona, lakini hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Mama, nani alikuambia ni jiwe?"

"Watu wangu."

"Sisi tulijua ndugu zako wameshakueleza." Akaenda kufunga mlango. "Unataka kujua? Kwa sababu nikishasema siwezi kulirudisha neno."

"Mwanangu, kilichotolewa kilikuwa tumboni kwa nani? Kwako au kwangu?"

Basi akaniambia. Ni saratani, kaka. Ndiyo, nimeliandika, na mkono haukukatika. Saratani iliyoota ndani ya figo, pale mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka kwenye mrija. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika kingo za kiti. Nilihisi baridi ya asubuhi ya kwetu, ile ya mwezi wa saba, katikati ya joto la Mwanza. Niliogopa sana. Sitakudanganya, niliogopa mpaka nikasahau dua.

Nikamuuliza nitaishi? Akasema hajui. Nilimpenda kwa hilo, maana kila mtu kabla yake alikuwa anajua. Akanieleza taratibu kwamba ugonjwa huu ukishakatwa, kisu siyo mwisho wa habari. Wanatazama kwanza ulikuwa umezama kiasi gani kwenye ukuta, na kama umefika kwenye matezi. Wangu ulikuwa umeanza kuingia ukutani lakini haujatoboa, na matezi waliyoyatoa yalikuwa safi, alhamdulillah. Wanatazama ni mkali au mpole ukiwekwa kwenye darubini. Wangu ni mkali. Wanatazama mtu alikaa nao muda gani kabla ya kupasuliwa, na hapo aliponiuliza damu ilianza lini nilitaja ule mwaka wa kumeza dawa, akashusha pumzi. Akaniuliza kama nimewahi kuvuta sigara.

Nilikukumbuka wewe. Kile kibanda chetu cha kulindia mahindi, tulivyokuwa tunasokota tumbaku ya babu, tukisema ngedere wakisikia moshi watajua pana watu. Ngedere walikula mahindi vilevile. Mimi niliacha nilipobeba mimba ya Shabani. Wewe mpaka leo pakiti haikosi kwenye mfuko wa koti. Binti akasema tumbaku inapita damuni, inachujwa na figo, na sumu yake inakaa na mkojo njia nzima mpaka chini. Ndiyo mlezi mkubwa wa ugonjwa huu.

"Na kibofu?" nikamuuliza. "Mnakitakia nini kibofu changu?"

Akasema ngozi ya ndani ya figo, ya mrija na ya kibofu ni ngozi moja, imeungana. Ugonjwa ukiota juu, mara nyingi baadaye unachipua chini. Hapo nilielewa bila kuchorewa. Ni kama maji yetu: chemchemi ikichafuka huwezi kusafisha juu ukarudi nyumbani, lazima uteremke na mfereji mpaka kwenye bwawa. Kamera ndiyo kuteremka kwenyewe. Na mimi nilikuwa nimekaa msibani kwa watu nakula pilau.

Mfuko wako wa mizizi nilikuwa nao kwenye pochi, maana nyumbani nilihofia Neema ataumwaga. Nikautoa. Akanusa, akaniuliza ni mizizi ya nini, nikamwambia anayejua ni kaka yangu. Akasema niache siku hiyohiyo. Nimebakiwa na figo moja, na iko mizizi inayojulikana kabisa kwamba inaua figo na kuleta saratani hiihii. Hawezi kusema hii ndiyo au siyo, lakini mtu mwenye figo moja hajaribu. Nimeuacha hukohuko kwenye pipa lao. Usikasirike.

Niliporudi nyumbani nilikaa kwenye kochi nikawaita wote wawili. "Nimetoka kwa daktari," nikasema. "Najua. Sasa naomba jina moja tu. Nani alisema nisiambiwe?"

Shabani akainama. Neema ndiye aliyesema: "Mjomba, mama. Mimi siku ya kwanza nilisema uambiwe, nikaambiwa hayanihusu."

Nawe unajua ilivyo kwetu. Angesema baba yake Shabani, Mungu amrehemu, Shabani angebishana naye mpaka asubuhi. Lakini mtoto wa Kiluguru ni wa lukolo la mama yake, ukoo ni wa kwetu mimi na wewe, na mjomba akishasema pamefungwa. Daktari alimwita Shabani pembeni kumpa habari, Shabani akakupigia wewe kwanza kabla hajarudi kitandani kwangu, na wewe ukatoa hukumu kutoka mlimani. Amenitajia maneno yako: "Dada yangu ana moyo mwepesi, akilisikia hilo neno atakufa kabla ya kisu. Semeni jiwe."

Moyo mwepesi mimi? Nani aliyemuua chatu kwenye banda la kuku, wewe ukiwa umesimama juu ya kinu? Nani aliyemwosha mama alipokufa? Nimekasirika kaka. Kwa siku kadhaa nilikuwa nakujibu barua moyoni, maneno mengine siwezi kuyaandika maana karatasi ina heshima zake. Mimi nilikuwa nawashuku wanangu kwa damu na nyama, namla mkwe wangu kwa macho, kumbe yule niliyekuwa namwonea huruma ndiye anayevuta kamba. Na kwa ajili ya jiwe lako nilikimbia kipimo mara mbili.

Nilikwenda. Neema ndiye aliyenishika mkono, nimemwomba radhi njiani, ya cherehani nimemwambia yote, amecheka mpaka kandambili ikamtoka mguuni. Wakaingiza kamera. Pamekutwa kitu, kaka. Kidogo, kama chunusi, kimeshachipua upande wa kushoto wa kibofu. Wamekikwangua na kuniweka dawa humohumo ndani, na nitakuwa narudi kuangaliwa kila baada ya miezi michache. Nikamuuliza yule binti, je, ningeendelea kukaa mpaka Ramadhani? Alinitazama tu, akaanza kuandika. Nililielewa jibu lake.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie badala ya kukutukana kwa simu. Siku ile ya kuwaita wote wawili Shabani alijitetea kwa kusema, "Lakini mama, mjomba ndiye aliyenihimiza nikulete huku upesi. Aliniambia damu isiyouma ndiyo mbaya."

"Wewe ndiye uliyemwambia haiumi?"

"Mimi? Mimi nilikuwa sijui kama inauma au haiumi. Ungeniambiaje mimi mwanao habari za chooni?"

Nikaanza kuhesabu. Shabani hakukuambia. Wifi hakukuambia, kwa sababu yeye nilimficha. Mimi sikukuambia, wewe ndiye uliyeniambia mimi, pale Msamvu, kwamba inakuja na kukatika, na kwamba mtu anaikuta tu. Na mizizi unainywa, inakutuliza kitu ambacho hukukitaja. Na mwanaume ambaye tangu aoe hajawahi kuosha hata kikombe anateremka mtoni kufua kikoi chake, na hataki mkewe akishike.

Kaka, umeanza lini?

Unanijua kwa kushuku, mmenicheka tangu utotoni, mama alikuwa anasema Tatu atamshuku hata malaika mtoa roho amuulize barua ya kazi. Naomba Mungu safari hii nimekosea. Nikikosea utanicheka, nitakupikia, yataisha. Lakini kama sijakosea, basi ninajua ulichokuwa unakiogopa ulipowaambia waseme jiwe. Hukutaka neno hilo litamkwe kwenye ukoo wetu, maana likishatamkwa kwangu lingekufikia na wewe. Sina hasira tena ya hilo. Nina hofu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe mimi sina mwingine, mama mmoja baba mmoja tumebaki wawili.

Usisubiri ikatike, ikikatika haijapona. Usiende kumeza za kichocho kama mimi. Shuka mjini Morogoro, sema waziwazi nakojoa damu na dada yangu kakutwa na hili, wakupime kwa picha, siyo kwa kukutazama macho. Ukiona huko wanakuzungusha, panda basi uje, Shabani amesema kitanda kipo, na Neema ameanza kukushonea kanzu bila hata vipimo. Sigara uiache Msamvu kwenye lile benchi. Nawe kama ni mjomba na neno lako ni la mwisho, basi mimi ni dada, na ukoo unapita kwangu. Nimesema uje.

Nisalimie wifi yangu, mwambie habari ya jogoo nimesamehe. Msalimie mwanao Mwajuma na mumewe, na wale wajukuu wako mapacha wasiotulia. Msalimie mwalimu wa madrasa, anisomee dua, ila asiulize ugonjwa gani hadharani. Yule jirani yetu wa bondeni anayeniangalizia mitetea mpe salamu na umhesabie mayai mbele yake. Shabani na Neema wanakuamkia, shikamoo mjomba.

Najua utakachofanya. Utapiga simu uweke spika, useme kwa sauti kubwa duka zima lisikie kwamba wewe mzima, Tatu kazidi. Sitakuamini. Nitaamini nikiwa nimesimama mlangoni kwa daktari na wewe uko ndani.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Tatu

Usije na mizizi. Njoo na kikoi ambacho hujakifua.